Fundi na Kibali Chake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyamira, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya sheria zinazomhusu fundi anayetaka kuifanya kazi yake kwa haki na kwa amani. Nashukuru kwa heshima hiyo. Fundi ninayemsema si mwenye kiwanda, bali ni yule fundi wa kazi nyingi tunayemjua sote: leo anarudishia mlango bawaba, kesho anapiga bati, keshokutwa anaziba bomba linalovuja au anapaka rangi darasani. Ni mtu wa lazima katika kila kijiji, lakini mara nyingi ndiye asiyejua sheria inamwambia nini.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni la chama kizima, wala si la mafundi peke yao. Sote tunajua hali ya ardhi yetu. Shamba alilolima babu liligawanywa kwa wana, na la wana likagawanywa kwa wajukuu, hata leo kijana huonyeshwa mistari michache ya majani chai na mahali pa kujenga nyumba, basi. Kwa hiyo wazazi wengi, badala ya shamba, huwapa watoto wao karo ya chuo cha ufundi na mfuko wa vyombo: nyundo, msumeno, randa, timazi, pima maji, mwiko na bisibisi. Mfuko huo ndio urithi. Ukichukuliwa sokoni na askari wa kaunti kwa sababu mwenyewe hana karatasi, hasara si ya kijana mmoja. Ni hasara ya nyumba nzima iliyouza ndama ili mfuko ule upatikane.

Upande wa pili yuko mwenye nyumba. Amelipa nusu ya fedha, paa limefunguliwa, mvua inakuja, na fundi hapatikani wala haijulikani aliandikwa wapi. Sheria nzuri huwalinda wote wawili. Basi natumaini mtanivumilia nikieleza mambo haya moja baada ya moja.

I. Hakuna leseni moja ya ufundi

Watu wengi huuliza, "Leseni ya fundi hutolewa katika ofisi gani?" Swali hilo ndilo linalowapoteza. Hapa Kenya hakuna karatasi moja inayomruhusu mtu kufanya kila kazi ya mikono. Yako mambo manne mbalimbali, na kila moja lina ofisi yake. La kwanza ni kibali cha biashara, ambacho ni cha kaunti. La pili ni jina la biashara, ambalo ni la serikali ya kitaifa. La tatu ni cheti cha ujuzi, na kwa kazi fulani leseni maalumu. La nne ni kodi. Mwenye moja asidhani amemaliza yote, wala mwenye kudaiwa moja asikubali kulipishwa jingine kwa jina hilo.

II. Kibali cha biashara

Wazee waliokuwa na maduka zamani watakumbuka Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967, wakati leseni ilipotoka kwa serikali kuu. Mabaraza ya miji na ya wilaya nayo yalikuwa na ada zao, na mfanya biashara mmoja aliweza kutembea na karatasi kadhaa mfukoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ada nyingi za mabaraza zilianza kukusanywa pamoja katika kibali kimoja cha biashara. Kisha ikaja Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Katika Jedwali la Nne la Katiba hiyo, masoko na leseni za biashara yamewekwa chini ya kaunti, isipokuwa usimamizi wa taaluma, ambao umebaki kwa serikali ya kitaifa. Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, na tangu hapo kibali cha fundi wa Nyamira, awe Kebirigo au Ikonge, Nyansiongo au Miruka, ni neno la Kaunti ya Nyamira.

Ada ya kibali haiwekwi na askari, wala na karani wa dirishani, wala haijulikani kwa kumwuliza jirani. Kifungu cha 210 cha Katiba chasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo mwishoni mwake ina jedwali la ada. Humo biashara zimepangwa kwa aina na kwa ukubwa. Katika mpango wa kibali kimoja wa zamani, ambao kaunti nyingi ziliurithi, karakana ndogo ni ile isiyozidi watu 5, ya kati ni ya watu 6 hadi 20, na kubwa ni ile yenye zaidi ya watu 20. Tena limo daraja la wafanya biashara wadogo wasio na jengo la kudumu.

Kwa hiyo fundi anapokwenda ofisi ya mapato aseme kweli na aseme kwa ukamilifu: mahali alipo, kazi anayoifanya, na idadi ya watu wake. Fundi mwenye kibanda na kijana mmoja akiandikwa kama karakana ya kati, atalipa ada isiyo yake, na kosa hilo halitajisahihisha lenyewe mwaka ujao. Asome karatasi kabla ya kuondoka dirishani. Atazame jina, aina ya biashara, mahali, na siku ya mwisho wa kibali. Ada ailipe kwa njia rasmi tu, na risiti aihifadhi pamoja na kibali. Fedha iliyotiwa mkononi mwa mtu njiani si ada, hata kama mtu huyo amevaa sare. Na kesho akija mwingine, aliyetoa hana la kuonyesha.

Yuko pia fundi asiye na kibanda, ambaye wateja humwita kwa simu na yeye huenda nyumbani kwao. Huyu asijihesabu kuwa nje ya sheria kwa sababu hana mlango wa kufunga. Aulize ofisini aandikwe katika daraja gani, na jibu alipate kwa maandishi. Lakini kijana aliyeajiriwa na mwenye karakana hufanya kazi chini ya kibali cha mwajiri wake, maana biashara si yake.

III. Jina la biashara

Fundi akitumia majina yake mwenyewe ya kitambulisho hana lazima ya kuandikisha jina. Lakini akitaka kubandika ubao wenye jina jingine, au akishirikiana na wenzake chini ya jina moja, sheria yataka jina hilo liandikishwe. Kazi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, na maombi hupitia mtandao wa eCitizen. Asiyeweza mambo ya mtandao aende Kituo cha Huduma, atasaidiwa huko.

Mtu atauliza, "Jina litanipa nini?" Jibu ni hili. Shule na zahanati haziwezi kumlipa mtu asiye na kumbukumbu. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kazi za namna hiyo ni pamoja na kutengeneza madawati, kubadilisha mabati na kupaka rangi. Lakini mlango wa kuingilia humo ni biashara iliyoandikishwa na cheti cha kutodaiwa kodi. Vijana wetu wenye mikono hodari hubaki nje wakitazama kazi ya shule ya kijijini kwao ikichukuliwa na mtu wa mbali, kisha huyo wa mbali huwaajiri wao wenyewe kwa kibarua cha siku. Wazee wangu, huko ni kuchota maji mtoni na kumwuzia mwenye mto.

IV. Ujuzi, na kazi zisizoguswa bila leseni

Kibali cha kaunti hakishuhudii kwamba mtu ni fundi. Kinasema tu kwamba anafanya biashara mahali fulani. Ushahidi wa ujuzi hutoka kwingine. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, huwatahini mafundi kwa madaraja matatu. Daraja la III ndilo la kuanzia, kisha la II, na la I ndilo la juu. Jambo la kutia moyo ni kwamba mtihani huo si wa waliokaa darasani peke yao. Aliyejifunza kazi kwa mikono, miaka mingi nyuma ya fundi mkubwa, naye aweza kutahiniwa. Ninawasihi mafundi wenye mvi wasione haya kukaa mtihani pamoja na vijana. Ujuzi wanao tayari. Wanachokosa ni karatasi ya kuusema mahali ambapo hawajulikani.

Kazi nyingi za fundi wetu hazihitaji leseni maalumu. Kurekebisha mlango, kuweka kufuli, kupaka rangi, kuziba ufa wa ukuta, kubadilisha kioo cha dirisha: hizo azifanye akiwa na kibali chake na uaminifu wake. Lakini ziko mbili ambazo hana budi kuziangalia sana.

Ya kwanza ni umeme. Kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kutia nyaya nyumbani ni ya mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Leseni hizo zina madaraja: A1, A2, B, C1 na C2, na C2 ndiyo ya chini. Kazi ikiisha, mwenye leseni hutia sahihi cheti, na kwa cheti hicho kampuni ya Kenya Power huiunganisha nyumba na umeme. Wako wanaofanya kazi yote wenyewe kisha wakanunua sahihi ya mtu ambaye hata nyumba yenyewe hajaiona. Wenye nyumba, msilikubali jambo hilo. Kosa la randa hutoa mlango uliopinda, lakini kosa la waya hungoja usiku watu wamelala. Fundi asiye na leseni hiyo hapungukiwi heshima akisema, "Hii si kazi yangu, nitamwita mwenzangu."

Ya pili ni ujenzi. Kwa sheria ya mwaka 2011 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA. Makandarasi huandikishwa katika madaraja manane, kuanzia NCA1 hadi NCA8, ambalo ndilo la chini. Hata waashi, maseremala, mafundi wa bomba na wachomelea vyuma wa mahali pa ujenzi huandikishwa na kupewa cheti na mamlaka hiyo hiyo. Fundi wa kazi nyingi aujue mpaka wake. Kurekebisha nyumba iliyopo ni jambo moja. Kuchukua mapatano ya kuinua jengo jipya ni jambo jingine, nalo lina sheria zake.

V. Kodi na daftari

Neno kodi huwatia wengi hofu, nao hukimbia hata kabla ya kuuliza. Tulitazame kwa hesabu. Kila mfanya biashara apate namba ya PIN kutoka Mamlaka ya Mapato, yaani KRA. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, tangu tarehe 1 Julai mwaka huo, biashara ambayo mapato yake yote kwa mwaka yanazidi shilingi 1,000,000 lakini hayazidi shilingi 25,000,000 hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Tuseme fundi hupokea shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000, basi kodi yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi, nayo hutakiwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kumbukeni kwamba kodi hiyo hupigwa juu ya mapokezi yote, si juu ya faida. Kwa hiyo fundi anayepewa fedha za kununulia bati na misumari afadhali amwache mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, ama aandike mbali fedha za vifaa na fedha za mikono, ajue faida yake kabla ya kutaja bei.

Fundi ambaye mapato yake hayafiki milioni moja hayumo katika kodi hiyo ya mauzo. Hata hivyo, mwenye PIN hutakiwa kupeleka taarifa yake ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, hata kama hana cha kulipa. Wako vijana walioichukua PIN kwa ajili ya kuomba kazi, wakaisahau, na sasa wanadaiwa faini ya shilingi 2,000 kwa kila mwaka walionyamaza.

Katika mambo haya yote msingi ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa 96 latosha: siku, jina la mteja, kazi, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka.

VI. Watu wa kazi na mapatano

Fundi akianza kuwachukua wasaidizi, amekuwa mwajiri, ijapokuwa yeye mwenyewe hajijui hivyo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka awakatie bima watu wake. Kijana akianguka kutoka juu ya paa, atakayeulizwa ni yule aliyempandisha. Na mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi hayana budi kuandikwa.

Kwa upande wa mteja, kila kazi iandikwe, hata kama ni karatasi moja tu: kazi ni ipi, nani atanunua vifaa, bei ni kiasi gani, malipo yatakuwa kwa awamu zipi, na kazi itakwisha lini. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi. Ugomvi ukitokea, palipo na Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 hupelekwa huko, na sheria yataka liamuliwe katika siku 60. Lakini mahakama haiwezi kusoma maneno yaliyosemwa chini ya mti.

VII. Malalamiko ya haki

Sitaki mdhani nasema kila kosa ni la fundi. Yako malalamiko ya haki, na chama hakina budi kuyasema. Tuchukue Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa Nyamira na Kisii. Tangu mwaka 2013 kaunti hizo mbili zimekuwa zikigombea haki ya kutoza ada katika mji huo, na mfanya biashara amejikuta katikati kama nyasi chini ya miguu ya ng'ombe wawili. Kifungu cha 209 cha Katiba chasema kwamba kaunti zisitumie uwezo wao wa kutoza kwa namna ya kudhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, wala usafiri wa bidhaa, huduma na kazi nchini. Kwa hiyo fundi mwenye kibali halali cha hapa, akidaiwa kibali cha pili kwa sababu tu amekwenda kutengeneza mlango ng'ambo ya barabara, aulize kwa adabu ni sheria ipi na jedwali lipi, aombe jibu la maandishi, na alete habari kwa chama. Asigombane na askari.

Wengine husema, "Ada ni kubwa kuliko kazi yenyewe." Yawezekana. Lakini ada huwekwa katika Sheria ya Fedha, na Sheria ya Fedha huwa mswada kwanza. Kifungu cha 196 cha Katiba chalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Mikutano huitwa, na wanaohudhuria ni wachache. Halafu ada ikishapitishwa, twalalamika sokoni, mahali ambapo hapana mtu wa kuandika maneno yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta; mafundi wanalijua hilo kuliko sisi sote.

VIII. Maombi kwa chama

Bwana Mwenyekiti, nikimaliza naomba mkutano huu ufikiri juu ya mambo matatu.

Kwanza, chama kiweke orodha ya mafundi walio wanachama au watoto wa wanachama: jina, kazi, cheti na kibali cha kila mmoja. Mwenye nyumba atakayemtaka fundi ataanza hapo, naye fundi atakayeharibu kazi atajua kwamba wazee watamwita.

Pili, mapema kila mwaka, kabla ya siku za kutafuta vibali, chama kipate nakala ya jedwali la ada la kaunti na kulibandika ofisini petu, ili kila mtu aone daraja lake kabla ya kwenda dirishani.

Tatu, tuchague watu watatu, mmoja wao awe fundi na mmoja awe mama, wahudhurie mkutano wa kaunti kila mswada wa fedha unaposomwa, wakiwa na maneno yetu yaliyoandikwa. Waombe ada ya fundi anayeanza iwe ndogo mwaka wa kwanza, ili apate kuinuka. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 inamtambua mwenye biashara ya watu wasiofika 10 na mapato madogo kwa mwaka kuwa mfanya biashara mdogo kabisa, na fundi wetu yumo humo. Ni haki kumwombea.

Kijana mwenye kibali, cheti na daftari hufungua mfuko wake wa vyombo mahali popote bila kutazama nyuma. Jambo hilo tunaweza kuwapatia watoto wetu bila kuongeza hata hatua moja ya shamba.